Kutoka Vyoo vya Gede hadi Matete ya Mtwapa

Ukifika magofu ya Gede, pwani ya Kenya, simulizi huanzia kisimani. Kando ya msikiti mkuu kuna kisima kirefu, na maelezo yake ni mafupi: maji yalishuka, watu wakahama, msitu ukachukua nafasi yao. Mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba hapa mwaka 1948 aliona dalili kwamba kisima hicho kiliwahi kuongezwa kina, na tangu hapo jibu hilo limekaririwa bila kuhojiwa sana. Mimi nilikuja na swali jingine. Mji huu wa mawe, uliosimama juu ya mwamba wa matumbawe hadi karne ya 17, ulikunywa maji na ukamwaga maji. Yale yaliyomwagwa yalikwenda wapi?

Anayeingia vyumba vya nyuma ataona. Nyumba za wenye uwezo zilikuwa na vyoo vya shimo, na ubavuni kiko kibaraza cha mawe cha kutawadhia. Kwenye nyua yalichimbwa mashimo ya kupitishia maji ya mvua ardhini. Nilitafuta mfereji wa pamoja, wa kutoa uchafu nje ya ukuta wa mji. Katika ripoti za zamani nilizosoma haumo, na chini ya mikuyu na mibuyu sikuuona. Kila nyumba ilikabidhi uchafu wake kwa mwamba uleule ulioipa maji. Je, Gede iliangamizwa na vyoo vyake?

Hapo nilikwama. Sina kipimo cha maji ya karne ya 15, wala hakuna atakayenipa. Na zipo sababu nyingine zenye uzito: wavamizi Wazimba waliopita pwani hii mwaka 1589, mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, biashara iliyoyumba baada ya Wareno kuja. Anayesema vyoo viliua mji anakisia. Lakini hata anayesema wazee walijua siri ya kusafisha maji anakisia vilevile. Lililo hakika ni kwamba ndani ya shimo kama lile bakteria wasiohitaji hewa hula kinyesi, na udongo humalizia kazi ikiwa maji yanapita taratibu. Matumbawe yana nyufa. Maji hupenya haraka kabla kazi haijaisha. Basi watu wa pwani waliwahi kumtumia kiumbe hai kusafisha maji kwa kukusudia?

Walimtumia. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la chooni huwekwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Ukiinama utaona bakuli la kaure limejengewa sakafuni mwa birika. Limewekwa pale ili maji yakipungua, samaki wasife. Ni ufundi uliofikiriwa hadi mwisho, na sioni sababu ya kuuita ushirikina au pambo. Mabirika ya misikiti ya Gede na ya magofu ya Jumba la Mtwana sasa ni makavu, na siwezi kuapa kwamba yaliwahi kuwa na samaki. Lakini samaki hao huondoa viluwiluwi vya mbu tu. Vijidudu vya kipindupindu hawavigusi. Ni nani aliyejifunza kuwatuma bakteria wasioonekana kwa macho?

Kumbukumbu zilinitoa pwani zikanipeleka Manchester, Uingereza, mwaka 1914. Huko wataalamu wawili walionyesha kwamba maji taka yakipulizwa hewa, na tope linalotuama likibakizwa lipokee maji mengine, bakteria huongezeka na kumaliza uchafu kwa muda wa saa chache. Miji mikubwa ya dunia ikafuata. Njia hiyo hutaka umeme usiku na mchana, na pwani yetu imebaki zaidi na karo: kila ua na shimo lake, kisima hatua chache kutoka hapo. Huko Kisauni, ng'ambo ya Mtwapa, watafiti walipima visima vya mitaa ya namna hiyo wakakuta bakteria wa kinyesi. Mwamba ni uleule wa Gede. Ikiwa mtambo ni ghali na mwamba unavuja, kazi apewe nani?

Mwishoni mwa miaka ya 2000 lilijaribiwa jibu moja penye mkono wa bahari wa Mtwapa, katika gereza la Shimo la Tewa. Maji taka yalielekezwa kwenye vitanda vya changarawe vilivyooteshwa mimea ya majini, na nia ilikuwa yakitoka yamwagilie bustani na kufugia samaki. Kwenye vitanda vya namna hii husemwa kwamba matete ndiyo yanayosafisha. Sikubali moja kwa moja. Kazi kubwa hufanywa na utando wa bakteria ulioshika changarawe. Matete hupeleka hewa mizizini na kufyonza sehemu ya virutubisho. Usipoyavuna, na usipozoa tope kwenye tangi la kutuamishia, changarawe huziba na maji hutoka kama yalivyoingia. Je, upo mfano wa usafishaji wa namna hii unaohudumia miji mizima?

Upo, na Malindi inaunywa kila siku. Mto Athi hupokea maji machafu ya Nairobi, hukata Tsavo ukiitwa Galana, kisha hufika baharini karibu na Mambrui kwa jina la Sabaki, mwekundu kwa udongo wakati wa masika. Huko Baricho, kando ya mto huo, maji ya Malindi na Kilifi hayatekwi mtoni. Huvutwa kutoka visima virefu vya kando, baada ya kupita kwenye mchanga na changarawe, ambako matope hubaki na bakteria hupata muda wa kula. Ndipo hutiwa dawa.

Mchanga wa Baricho unatoa muda. Matumbawe ya Gede, Watamu na Mtwapa hayatoi. Kwa hiyo mwenye kisima asiyaamini maji kwa sababu yanang'aa. Apeleke chupa maabara kabla ya masika na baada yake, na kabla ya kuchimba karo jipya aulize kisima cha jirani kiko wapi.