Arnold Jacobs na Tuba Lake

Leo twasoma habari za tuba, chombo kikubwa cha shaba chenye sauti nzito. Mpigaji huipakata kama mtoto. Ilianza Berlin, Ujerumani, mwaka 1835.

Arnold Jacobs alizaliwa Marekani mwaka 1915. Utotoni alipiga buruji, kisha tarumbeta, kisha tromboni. Mwisho akashika tuba. Kazi hiyo yataka pumzi nyingi, naye alikuwa na pumu. Hata hivyo hakuiacha. Alijifunza kuvuta pumzi tele na kuitoa bila kujikaza, akiuwaza wimbo, si kifua chake. Akapiga tuba katika okestra ya Chicago tangu 1944 hadi 1988, tena akawafundisha wengi.

Swali: Jacobs aliushindaje upungufu wa pumzi? Andikeni jibu madaftarini.