Riwaya ya Upelelezi kama Usomaji wa Wawili: Hoja kwa Wapenzi na kwa Wahakiki

Ikisiri

Makala hii inajadili riwaya ya upelelezi kama utanzu unaofaa kusomwa na wapenzi wawili kwa pamoja. Inadai kuwa umbo la utanzu huu, tangu fumbo hadi ufumbuzi, limejengwa juu ya mazungumzo, na kwamba uhakiki wa Kiswahili umeupunja kwa kumchukulia msomaji wake kuwa mtu mmoja aliyejitenga. Mifano imetoka katika riwaya za Muhammed Said Abdulla na waandishi wengine wa Afrika Mashariki, pamoja na za Uingereza, Marekani na Uswidi.

Utangulizi

Wapenzi wanaotaka jioni yao iwe ya wawili huenda kula nje, hutazama filamu, hutembea ufukweni au hukaa sebuleni kila mmoja na simu yake. Kitabu hutajwa kwa nadra. Kimezoeleka kuwa shughuli ya mtu mmoja, na anayekifungua mbele ya mwenzake huonekana amejitenga naye. Riwaya ya upelelezi ndiyo inayoshukiwa zaidi. Wahakiki wameiweka katika kapu la fasihi pendwa, na msomaji wake hupigiwa picha ya kijana anayekesha peke yake akimfukuza muuaji ukurasa hadi ukurasa.

Picha hiyo imetupotosha. Ninadai kwamba riwaya ya upelelezi, hasa ile ya fumbo, haikamiliki mpaka isomwe na watu wawili wanaojibizana, na kwamba hakuna jozi ya wasomaji inayoifaa zaidi kuliko watu wanaopendana. Dai hili lina pande mbili. Kwa wapenzi, ni pendekezo la namna ya kuutumia muda wao. Kwa wahakiki, ni ombi la kuupima upya utanzu ambao thamani yake haionekani kikamilifu katika usomaji wa kimya.

Umbo linalodai mtu wa pili

Hatuhitaji kwenda mbali kuona namna fumbo linavyofanya kazi. Kitendawili hakitegwi na mtu peke yake. Mtegaji hutamka "Kitendawili!" na kusubiri "Tega!", na akishatega hunyamaza ili mwenzake afikiri. Anayeshindwa hutoa mji, na mtegaji huupokea kabla ya kufumbua. Hakuna hatua hata moja ya utanzu huo inayowezekana bila mtu wa pili. Riwaya ya upelelezi ina mwendo huohuo: swali huulizwa mapema, vidokezo hutolewa kidogo kidogo, jibu hucheleweshwa, kisha hufumbuliwa. Kinachokosekana ni mtegwa wa kujibu kwa sauti. Mwandishi yuko mbali, na msomaji aliye peke yake akishindwa hufungua tu ukurasa wa mwisho.

Waandishi wenyewe walilitambua pengo hili. Edgar Allan Poe, ambaye hadithi yake ya 1841 kuhusu mauaji ya Paris huhesabiwa kuwa chimbuko la utanzu huu, hakumwacha mpelelezi wake Dupin peke yake. Alimpa rafiki wa kuzungumza naye. Arthur Conan Doyle akafuata mkondo huo mwaka 1887 alipowakutanisha Sherlock Holmes na Daktari Watson. Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, Unguja, naye akampa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko chake, rafiki aitwaye Najum. Sababu ni ya kiufundi. Fikra iliyo kichwani mwa mpelelezi haimfikii msomaji mpaka itamkwe, na haitamkwi mpaka awepo wa kutamkiwa. Mwaka 1929 Ronald Knox, kasisi na mwandishi wa Uingereza, alipoorodhesha kanuni 10 za utanzu huu, mojawapo ilimhusu rafiki huyo: asifiche mawazo yanayompitia, na akili yake iwe chini kidogo ya ile ya msomaji wa kawaida.

Mwaka huohuo mabinamu wawili wa Marekani, Frederic Dannay na Manfred B. Lee, waliokuwa wakiandika kwa jina la Ellery Queen, walitoa riwaya yao ya kwanza, The Roman Hat Mystery. Ndani yake, kabla ya ufumbuzi, hadithi inasimamishwa na msomaji anaambiwa kuwa habari zote anazohitaji anazo, ajibu kwanza. Mtindo huo waliuendeleza katika riwaya kadhaa zilizofuata. Huku ni kutega kwa maana kamili, na nafasi ya kujibu imeachwa wazi. Wasomaji wawili wanaoketi pamoja ndio wanaoweza kuijaza ipasavyo.

Ugomvi wenye ukurasa wa kurejea

Tuangalie kinachotokea hasa. Tuseme mume na mke wanasoma kwa zamu, sura kwa sura, kwa sauti. Sura ikiisha, kitabu kinafunikwa. Mke anasema aliyeua ni mtumishi, kwa kuwa ndiye aliyejua kuwa mlango wa uani haufungwi. Mume anakataa: mtumishi alikuwa sokoni saa ile. Mke anauliza, "Imeandikwa wapi?" Kitabu kinafunguliwa tena, kurasa zinarudishwa nyuma, na inaonekana aliyekuwa sokoni ni mpwa wa marehemu. Mume anakiri, kisha anaitumia habari hiyohiyo kumshuku mtu wa tatu ambaye wote wawili hawakuwa wamemfikiria.

Katika dakika hizo tano wamefanya mambo ambayo ndoa nyingi huyatafuta kwa shida. Kila mmoja ametoa dai na kulitetea kwa ushahidi, amesikiliza hoja ya mwenzake hadi mwisho, na mmoja amekosolewa bila kudhalilishwa. Ugomvi wa kawaida wa nyumbani hauna ukurasa wa kurejea. Nani alisema nini wiki iliyopita, na kwa sauti gani, hubaki katika kumbukumbu za wawili zinazopingana. Riwaya inawapa ugomvi mdogo wenye maandishi, usiomgusa mkwe wala pesa ya ada, na unaoishia kwa jibu ambalo wote watalikubali kwa sababu si lao.

Faida nyingine ni ya kujuana. Mpenzi anayemshuku kila tajiri katika hadithi, au anayemwonea huruma kila mjane, anafunua namna anavyoitazama dunia. Wapo waliooana miaka mingi ambao hawajawahi kuulizana kama mtu aliyeua kwa kulinda heshima ya familia anastahili kusamehewa. Swali hilo likiulizwa kavukavu mezani litaonekana la ajabu; likitokana na mhusika wa riwaya, linajibika.

Wapelelezi wenye wenza

Utanzu wenyewe umewahi kuyaweka mapenzi katikati ya upelelezi. Katika The Moonstone ya Wilkie Collins, iliyochapishwa kwa mfululizo katika jarida la All the Year Round mwaka 1868, almasi inaibwa na penzi la wawili linavunjika kwa sababu mmoja ameliona jambo akalinyamazia. Sehemu kubwa ya riwaya hiyo ndefu inategemea ukimya huo. Wapenzi wanaoisoma pamoja watajikuta wakijadili thamani ya kuulizana kabla ya kuhukumiana.

Dorothy L. Sayers alichukua njia nyingine. Mpelelezi wake Lord Peter Wimsey anakutana na Harriet Vane katika Strong Poison (1930), mwanamke huyo akiwa anashtakiwa kwa mauaji. Anamposa, naye hamkubalii hadi mwisho wa Gaudy Night (1935), kwa kuwa hataki ndoa iliyojengwa juu ya deni la shukrani. Katika Busman's Honeymoon (1937) wanakwenda fungate katika nyumba waliyoinunua, na maiti inapatikana ndani ya sehemu yake ya chini. Sayers anawaonyesha wakijifunza kufanya kazi pamoja bila mmoja kumeza akili ya mwenzake.

Agatha Christie, anayejulikana zaidi kwa Poirot, aliwaumba pia Tommy na Tuppence, waliotokea katika vitabu vitano kati ya 1922 na 1973. Hawa wanazeeka pamoja na miaka: katika kitabu cha kwanza ni vijana wasio na kazi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika cha mwisho ni wazee wenye wajukuu. Katika N or M? (1941) Tommy anapewa kazi ya siri ya kuwasaka majasusi, na anaagizwa asimwambie mkewe. Anamdanganya kuwa anakwenda Uskoti. Anapofika katika nyumba ya wageni aliyotumwa, anamkuta Tuppence ameshatangulia, amejipa jina jingine, ameketi anafuma sufu. Alikuwa ameyasikiliza kwa siri mazungumzo yote. Tukio hilo moja lina mjadala wa jioni nzima: je, siri ya kazi inampasa mtu amdanganye mwenza wake, na je, mwenza aliyesikiliza kwa mlango wa nyuma ana kosa?

Uswidi kuna mfano ambao mapenzi yameingia hadi katika uandishi wenyewe. Maj Sjöwall na Per Wahlöö, wenza wa maisha, waliandika riwaya 10 za mpelelezi Martin Beck kati ya 1965 na 1975. Waliandika usiku watoto wao wakishalala, kila mmoja akishika sura yake. Ikiwa wawili wanaweza kuitunga riwaya ya upelelezi kwa namna hiyo, kuisoma kwa namna hiyo hakuna ajabu.

Hazina ya Kiswahili na uchaguzi wake

Si kila riwaya yenye mpelelezi inafaa. Inapasa kutofautisha riwaya ya fumbo, ambamo msomaji hupewa vidokezo vya kupambanua, na ile ya ujasusi na mapambano, ambamo taharuki hutokana na hatari inayomkabili shujaa. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974), yenye Willy Gamba, ni ya aina ya pili. Mbio zake ndizo uzuri wake, lakini mbio hizo hazitoi nafasi ya kufunika kitabu na kujadiliana. Riwaya za Ben Mtobwa zina sifa za pande zote mbili, na zina jambo la kuwavutia wapenzi: Joram Kiango ana Nuru kando yake, katika hatari na katika mapenzi. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) imekaa karibu zaidi na fumbo.

Kwa kusudi letu, hata hivyo, Abdulla anatangulia. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957–58 ya East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960, na hutajwa kuwa riwaya ya kwanza ya upelelezi ya Kiswahili. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kuna sababu mbili za kuzipendelea. Ya kwanza, mafumbo yake yamefungwa ndani ya familia: nasaba iliyofichwa, ndoa, mirathi. Ujuzi unaohitajika kuyafumbua ni wa watu wanaojua namna jamaa wanavyoishi, na mke na mume mara nyingi wanaujua kwa namna tofauti. Ya pili, Abdulla anaandika kwa mazungumzo marefu ya Kiunguja kitamu, yanayopendeza zaidi yakisomwa kwa sauti. Msomaji wa kimya huyapita. Anayeyasoma kwa ajili ya mtu mwingine hulazimika kumpa kila mhusika sauti yake.

Pingamizi

Pingamizi zito zaidi linahusu wanawake. Katika riwaya nyingi za upelelezi na ujasusi za Kiswahili mwanamke ni chambo, ni pambo au ni msaliti, na mwanamume ndiye mwenye akili. Kuwaambia wapenzi wasome vitabu hivyo pamoja kunaweza kuonekana ni kuyaingiza madharau hayo chumbani. Ninaona kinyume chake. Kijana anayezisoma peke yake huyameza bila kuulizwa. Mwanamume anayezisoma kwa sauti mbele ya mwanamke anayempenda atasikia jinsi sentensi fulani zinavyosikika, naye ataulizwa kama anakubaliana nazo. Mahali pa kuyajadili maandishi ya aina hiyo ni hapo hasa, yakiwa na wahusika wote wawili mezani.

Wengine watauliza kwa nini mauaji, na si mapenzi, yawe burudani ya wapenzi. Riwaya ya fumbo haishughuliki sana na damu. Kifo ni chanzo cha swali, na kinachofuatiliwa ni ukweli. Ambaye amefiwa karibuni na hataki habari za vifo anaweza kuanza na fumbo la wizi. Riwaya ya mapenzi ina uzuri wake, lakini humwachia msomaji kazi ya kuhisi tu, na hisia za wawili hazihitaji kukubaliana. Fumbo linawadai wafike mahali pamoja.

Wapo pia watakaosema mmoja hasomi haraka, au macho hayamruhusu, au nakala ni ghali. Usomaji wa sauti unajibu yote matatu: nakala moja inatosha, na anayesikiliza anashiriki sawa na anayesoma.

Hitimisho

Tumeona kwamba umbo la riwaya ya upelelezi linadai mjibizano, kwamba waandishi wake wamelijua hilo tangu Poe, na kwamba Kiswahili kina kazi zinazostahili kusomwa hivyo. Inafuata kuwa wahakiki wasiendelee kuipima riwaya hii kwa kigezo cha msomaji mmoja tu, na watafiti wa fasihi waanze kuchunguza inavyosomwa na kujadiliwa majumbani. Wachapishaji nao wana wajibu wa kuhakikisha riwaya zote za Bwana Msa zinapatikana madukani kwa bei ambayo wapenzi wawili wanaweza kuchangiana.

Kwa msomaji mwenye mwenza, ushauri ni mfupi. Tafuteni nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale, someni kwa zamu, funikeni kitabu kila sura inapoisha, na kila mmoja ataje mshukiwa wake pamoja na ukurasa wenye ushahidi. Asiwepo wa kuchungulia mwisho.