Theluthi ya Merikebu

Mwenye gari anapodai bima baada ya ajali, ugomvi mara nyingi huzuka zaidi kwenye karatasi ya makadirio ya gereji kuliko kwenye kosa la dereva. Fundi ameandika bampa mpya, taa mpya, kunyoosha bodi na kupiga rangi. Mtathmini anairudisha karatasi ileile ikiwa na makato ya uchakavu, na mwenye gari anaondoka akiamini ameibiwa. Hasira yake naielewa, lakini makato hayo hayakubuniwa juzi na kampuni zenye tamaa. Ni desturi ya mabaharia, iliyowekwa kwa ajili ya merikebu za mbao, ikapanda nchi kavu na kuingia gereji bila wanaoilipia kuelezwa ilikotoka wala ilivyopimwa.

Neno lenyewe, bima, tumelipokea kwa njia ya bahari, kutoka kwa Waajemi na Wahindi waliofanya biashara na pwani yetu, na asili yake hunasibishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Kanuni zake nyingi, hata hivyo, zilikomaa London, ambako mwishoni mwa karne ya 17 wafanyabiashara walikutana katika mkahawa wa kahawa wa Edward Lloyd, kila mmoja akitia sahihi chini ya karatasi kuonyesha ni sehemu gani ya hatari anaibeba. Merikebu iliyovunjwa na dhoruba ikishatengenezwa, swali lilikuwa lilelile la gereji ya leo: ubao uliooza nusu ukibadilishwa kwa ubao mpya, nani alipe ule upya? Jibu likawa theluthi. Mtoa bima alilipa theluthi mbili za gharama, mwenye chombo akajibebea theluthi moja kwa kuwa amepata kipya badala ya kikuukuu. Lakini watu hao hawakukata kwa upofu. Nanga ililipwa yote, kwa sababu chuma kile hakichakai kama tanga. Mnyororo wa nanga ukakatwa sehemu moja ya sita tu. Na merikebu mpya iliyo katika safari yake ya kwanza haikukatwa kitu. Uingereza ilipotunga Sheria ya Bima ya Bahari mwaka 1906, iliandika tu kwamba gharama za matengenezo zitalipwa baada ya kuondoa makato ya kidesturi. Kiasi hakikutajwa. Kwa watu wa bandarini hakukuwa na haja.

Magari yalipokuja, dola iliingilia kati kwa sababu nyingine kabisa. Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1930 ililazimisha kila mwenye gari awe na bima, lakini kwa ajili ya watu wengine watakaouawa au kuumizwa. Bati halikuhesabiwa: hata mali ya mtu mwingine haikuingizwa katika bima ya lazima ya Uingereza hadi mwishoni mwa mwaka 1988. Makoloni ya Afrika Mashariki yalipewa sheria za mfano huo, na ndiyo maana hadi leo mwenye bima ndogo hushangaa kuambiwa gari lake mwenyewe halimo. Sheria ililinda mwili, ikayaacha matengenezo mikononi mwa mkataba, na ndani ya mkataba ile desturi ya bahari ikaendelea kuishi.

Zipo pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba makato ni haki: gari la miaka 15 likifungwa injini mpya kwa fedha za bima, mwenyewe amepata faida kutokana na ajali, na faida hiyo imelipwa na wachangiaji wengine. Nakubali. Bima ipo ili kumrudisha mtu pale alipokuwa, na bila kanuni hiyo ajali za kupangwa zingeongezeka. Ninachokataa ni kukata bila kupima, mtindo unaoiweka taa iliyobadilishwa mwezi uliopita kapu moja na tairi lililokwisha. Mabaharia waliijua tofauti ya nanga na tanga. Pingamizi ya pili ni kwamba mteja alitia sahihi mwenyewe. Kweli, lakini mwenye merikebu wa enzi za mkahawa wa Lloyd alikubali desturi aliyoijua tangu ujana, mbele ya watu wa kazi moja naye. Mwenye daladala hutia sahihi juu ya karatasi ya Kiingereza ambayo hajasomewa. Desturi isiyojulikana na upande mmoja haiwezi kuitwa makubaliano.

Kwa hiyo jedwali la makato linapaswa kuandikwa kwa Kiswahili na kukabidhiwa mteja siku anayonunua bima, si siku anayodai. Na wewe msomaji, kabla hujalipia bima kubwa, mwulize wakala: spea mpya ikifungwa badala ya kuukuu, mtakata kiasi gani, na kwa kifaa kipi? Akikujibu, mwambie aandike.