Nani Alisema Mwafrika Hapati Sonona?

Nimekulia Dodoma, na mtoto yeyote wa Dodoma anajua tusi moja lisilohitaji maelezo: "Wewe wa Milembe!" Kibao cha hospitali kimeandikwa Mirembe, lakini sisi tulisema Milembe, na tulimaanisha kitu kimoja tu: kichaa. Ukivaa soksi rangi tofauti, Milembe. Ukicheka peke yako darasani, Milembe. Sikumbuki hata mara moja mtu mzima akitukataza. Wala sikumbuki mtu yeyote akisema ndugu yake amewahi kulazwa pale, japo lazima walikuwepo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwandishi wa habari Dar es Salaam, baba alifariki. Tukazika, tukamaliza matanga, nikarudi kazini. Kwa miezi kama mitatu nilikuwa sawa, au nilidhani niko sawa. Halafu nikaanza kuamka saa tisa usiku, kila siku, kama vile kuna mtu ameniita. Asubuhi nilikuwa nakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, nusu saa imepita, sijui nilikuwa nafanya nini. Habari ya maneno mia nne ilinichukua siku tatu. Chakula kilikuwa kama karatasi.

Nikaenda hospitali. Wakapima malaria, typhoid, presha, sukari. Vyote safi. Daktari akaniangalia, akasema, "Huumwi, kaka. Una mawazo tu. Pumzika."

Nimeifikiria sana hiyo "tu". Ilinichukua miezi mitano kutoka siku ile mpaka nikakaa mbele ya mtu aliyesomea kunisaidia. Miezi mitano, katika jiji kubwa kuliko yote nchini, mtu mwenye digrii, simu na kazi ya kuuliza maswali! Baada ya kupata nafuu kidogo nikataka kujua: hivi kwa nini ilikuwa ngumu hivyo? Nikafanya ninachokijua, nikafukua historia. Kumbe ile "tu" ina umri mkubwa kuliko daktari aliyeisema.

Tuanzie Lutindi, kwenye milima ya Usambara, juu ya Korogwe. Wamisionari wa Kijerumani walifungua pale kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto walipokua, kituo kikabadilishwa kazi, na mwaka 1904 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Ndiyo hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki, na ipo mpaka leo, katikati ya mashamba ya chai. Nairobi walifuata mwaka 1910, kwenye majengo yaliyokuwa ya kutenga wagonjwa wa ndui. Ndiyo Mathari, ambayo nayo watoto wa Nairobi wameigeuza tusi. Mwaka 1927 Waingereza wakafungua Mirembe yetu.

Hospitali zile za serikali ya kikoloni zilijengwa kwanza kwa ajili ya utulivu wa mji. Mtu aliyevua nguo sokoni, aliyempiga jirani kwa panga, aliyemtukana bwana shauri, huyo alikamatwa na polisi, akapitishwa mahakamani, akaletwa. Mtu anayeamka saa tisa usiku na kukaa kimya hakumsumbua mtu yeyote. Hakuletwa. Na kwa kuwa hakuletwa, hakuhesabiwa.

Hapo ndipo anapoingia Dk. J. C. Carothers. Alikuwa daktari wa kawaida katika utumishi wa serikali ya Kenya, na mwaka 1938 akakabidhiwa Mathari bila ya kuwa amebobea kwenye magonjwa ya akili. Akakaa mpaka 1950. Akaangalia wagonjwa waliokuwa wodini, akahesabu, akaona wenye sonona ni wachache mno. Badala ya kujiuliza nani anafika Mathari na nani habebwi kuletwa, akahitimisha kwamba Mwafrika kwa asili yake haugui sana ugonjwa huu: hana hisia nzito ya kujilaumu, habebi wajibu wake mwenyewe, akili yake inafanya kazi kama ya Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele. Si utani. Aliandika hivyo, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake ya kwa nini Wakikuyu wanapigana msituni. Ukisoma unaona wazi kwamba kwake hata kudai ardhi kulikuwa dalili ya ugonjwa.

Sisemi kwamba daktari wangu alimsoma Carothers. Ninachosema ni kwamba wazo likishachapishwa na wakubwa, linaingia kwenye mihadhara, kwenye bajeti, kwenye idadi ya watu wanaosomeshwa. Ukiamini ugonjwa haupo, hutasomesha mtu wa kuutibu.

Majibu yalikuja, ila polepole. Ghana, Mwingereza mmoja, Margaret Field, aliyekuwa mwanaanthropolojia kabla ya kusomea udaktari wa akili, aliacha wodi na kwenda kukaa kwenye mahekalu ya waganga vijijini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960. Aliwakuta wanawake wengi waliokuja wenyewe kwa mganga wakisema: mimi ni mchawi, nimewaua wanangu, mimi ni mbaya. Hawakuwa wachawi. Walikuwa na sonona, ile ya kujilaumu hasa, ambayo Carothers alisema haipo. Wagonjwa walikuwepo siku zote, ila walikuwa wanapanga foleni kwingine.

Halafu mwaka 1979 John Orley na J. K. Wing wakatoa matokeo ya utafiti uliofanyika nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili vya Uganda. Hawakusubiri mtu aletwe na polisi. Walipolinganisha na wanawake wa Camberwell, London, wakakuta sonona kule Uganda ilikuwa zaidi, siyo pungufu.

Na sisi wenyewe, lugha yetu ilikuwa inajua. Kiswahili kina kusononeka, na kusononeka si kuhuzunika tu. Mtu anahuzunika mbele za watu, anasononeka ndani. Ndiyo maana naipenda "sonona" kuliko "unyogovu", ambao masikioni mwangu unasikika kama ulegevu, kama mtu anayehitaji kuamka na kushika jembe. Kwenye daladala watu hawatumii lolote kati ya hayo. Wanasema "ana mawazo". Kule Zimbabwe Washona wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Ni mawazo yaleyale.

Fasihi nayo ilitangulia hospitali. Mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichwamaji, riwaya ya kijana msomi, Kazimoto, ambaye dunia inaisha maana mbele ya macho yake mpaka anajiua. Nilikisoma chuoni. Tukakijadili kama udhanaishi, tukataja wanafalsafa wa Ufaransa, tukajibu mtihani. Katika semina nzima hakuna aliyeuliza swali la kijinga kabisa: hivi Kazimoto angeenda wapi? Angemwambia nani? Mwaka ule nilipokuwa nakaa kitandani na kiatu mkononi nilikisoma tena, na hilo ndilo swali pekee nililokuwa nalo.

Tusiseme kwamba baada ya uhuru hakuna kilichofanyika. Mirembe ilianzisha kijiji cha wagonjwa kule Hombolo, ambako mtu alilima, akakaa na ndugu yake, akazoea tena maisha kabla ya kurudi kwao. Lilikuwa wazo zuri, lenye harufu ya Ujamaa na pia la daktari Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo, aliyeanza miaka ya 1950 kuwatibu wagonjwa wakiishi kwenye familia za vijiji vya Abeokuta. Lakini hata Hombolo ilikuwa ya waliougua sana. Wa "mawazo tu" waliendelea kuambiwa wapumzike.

Kilichotuletea mtu wa kuongea naye, ukiniuliza mimi, ni UKIMWI. Kabla ya hapo "ushauri nasaha" halikuwa neno la mitaani. Ugonjwa ulipopiga Kagera na Uganda, watu wakagundua kwamba huwezi kumpa mtu majibu ya damu halafu ukamfungulia mlango. Uganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, wengi wao wakiwa na ugonjwa ndani ya nyumba zao. Kwetu miaka ya 2000 vikaja vituo vya Angaza. Kwa mara ya kwanza Mtanzania wa kawaida aliingia chumbani, mlango ukafungwa, mgeni akamuuliza "unajisikiaje?" na akasubiri jibu. Wengi wa washauri wale hawakuwa madaktari.

Na hilo la kutokuwa madaktari limekuja kuwa muhimu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio katika vijiji 30 vya kusini magharibi mwa Uganda. Watu wenye sonona walikutana kwa makundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliofundishwa kwa wiki mbili. Mwishoni, waliobaki na sonona kwenye makundi walikuwa 6.5 kwa mia. Kwa wasiopata makundi, 54.7. Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa aliyejiua kwa sababu familia ilikosa nauli ya basi ya kumleta hospitali. Mwaka 2006 akaanza na bibi 14 wa Mbare, Harare, na benchi za mbao nje ya zahanati. Bibi anasikiliza, mnachagua tatizo moja, mnatafuta hatua moja. Lilipopimwa kwa watu 573 na matokeo kutoka mwaka 2016, lilifanya kazi. Benchi hilo limeshafika Malawi, na Zanzibar pia.

Sasa nirudi kwenye miezi yangu mitano.

Mwezi wa kwanza nilijikaza, maana mwanaume hujikaza. Wa pili nilikwenda hospitali moja kubwa, dada wa mapokezi aliuliza kwa sauti, foleni nzima ikisikia, "Wewe ndiye wa akili?" Nikasema hapana, nikatoka. Nilikuwa mtoto wa Dodoma tena. Wa tatu nilipata namba ya mtu aliyejiita mwanasaikolojia. Dakika kumi za kwanza akaniambia nimsamehe baba, dakika kumi zilizofuata akaniuzia semina. Wa nne sikufanya chochote. Huo ndio mwezi unaoniogopesha nikiukumbuka.

Aliyenivusha ni shangazi yangu, nesi mstaafu. Alipiga kunisalimia tu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona sauti hiyo?"

Nikasema nimechoka. Akanyamaza, halafu akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unatamani kufa?" Nikalia kwenye simu, mtu mzima. Hakusema nijikaze. Alisema, "Hilo linatibika. Kesho nakupa jina la mtu." Na kesho yake akanipa, mwanamke mwenye ofisi ya chumba kimoja, aliyeanza kama mshauri wa UKIMWI kabla ya kurudi chuoni.

Nilichojifunza nakuandikia, labda kikupunguzie miezi. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari, anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia tiba hakuandikii dawa. Anakutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Mshauri nasaha naye anasikiliza, ila mafunzo yao yanatofautiana sana, kwa hiyo uliza: umesomea wapi, umesajiliwa na nani, umewahi kutibu sonona, tutajuaje kama inasaidia? Mtu wa kweli hachukizwi na maswali hayo. Kama pesa ni tatizo, na kwangu ilikuwa, hospitali za rufaa za mikoa na Muhimbili zina kliniki za afya ya akili; usikimbie dirishani kama mimi. Nenda na mtu. Ukikutana na asiyekufaa, tafuta mwingine. Na kama una mawazo ya kujiua, usisubiri kliniki. Mwambie mtu leo, aende na wewe hospitali iliyo karibu.

Kuna jambo moja la historia ambalo bado halijawa historia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu, urithi wa Waingereza, kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Sisi bado. Ndiyo maana swali la shangazi lilikuwa zito vile: alikuwa ananiuliza jambo ambalo sheria ingemtaka polisi aulize.

Desemba iliyopita nilikwenda Dodoma kumsalimia mama. Tulipopita karibu na Mirembe, mtoto wa dada yangu akamtania mwenzake, "Shuka, kwenu hapo." Wakacheka. Nikawaambia kwamba hata mjomba wao ameugua akili, akatibiwa, na ndiye anayewanunulia soda. Wakanyamaza kidogo. Halafu mdogo akauliza, "Mjomba, ulikuwa unaumwa wapi?"

Nikamjibu nilivyoweza. Sikutumia neno "tu".