Maradhi ya sikio yanapomrudia mtoto: Mzazi, usiuzoee usaha

USIKU wa manane mtoto wa miezi 10 anaamka akilia. Akipewa titi ananyonya kidogo, analiachilia na kuangua kilio upya. Mwili umechemka, mkono hautoki sikioni, na akilazwa chali kilio kinazidi. Kunapokucha, shuka ina doa la majimaji ya manjano, na mtoto ametulia, hata anacheka. Mzazi anashusha pumzi akidhani ugonjwa umekwisha. Wiki chache baadaye, mafua mengine yanapoingia nyumbani, mambo huanza tena.

Hali hii inajulikana katika nyumba nyingi. Utafiti maarufu uliofanywa katika eneo la Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 1989 ulionyesha kuwa asilimia 62 ya watoto walikuwa wameugua sikio la kati angalau mara moja kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Walipofikisha umri wa miaka 3, asilimia 46 walikuwa wameugua mara 3 au zaidi. Kwa hivyo, mzazi ambaye mwanawe anasumbuliwa na sikio mara kwa mara hana sababu ya kujilaumu wala kudhani kuwa jamaa yake imelaaniwa.

Hata hivyo, kuwa wengi huugua si sababu ya kulipuuza tatizo hili. Maumivu ya usiku mmoja hutibika. Hatari kubwa ni pale familia inapouzoea usaha, ikaufuta kila asubuhi na kuendelea na shughuli zake, huku uwezo wa mtoto wa kusikia ukipungua bila mtu kutambua.

Kwa nini watoto wadogo?

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa kinachoitwa sikio la kati. Chumba hiki kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba unaopitisha hewa na kuondoa majimaji. Mrija wa mtu mzima ni mrefu na umeinama, hivyo majimaji huteremka kwa urahisi. Wa mtoto mchanga ni mfupi, mwembamba na umelala, na kwa sababu hiyo huziba upesi.

Mtoto anaposhikwa na mafua, mrija huo huvimba na kuziba. Majimaji hujikusanya katika sikio la kati, na bakteria waliokuwa puani hupata mahali pa kuzaliana. Usaha huongezeka na kuisukuma ngoma ya sikio, na hapo ndipo maumivu huanza. Wakati mwingine ngoma hupasuka na usaha kutoka nje. Shinikizo hupungua na maumivu hukoma ghafla. Ndiyo sababu mtoto aliyelia usiku kucha huamka akicheka. Utulivu huo si dalili ya kupona, bali ni ishara kwamba ngoma imetoboka. Kwa kawaida tundu hilo hujiziba lenyewe, mradi ugonjwa utibiwe na sikio liwe kavu.

Ni vyema kuondoa dhana mbili. Ya kwanza ni kuwa sikio huugua kwa sababu maji ya kuoga yaliingia ndani. Ikiwa ngoma ni nzima, maji hayo hayawezi kufika kwenye sikio la kati. Ugonjwa huu hupitia puani. Ya pili ni kuwa kila homa na kila kujivuta sikio ni kuota kwa meno. Meno huweza kumfanya mtoto awe na uchungu na kutokwa mate, lakini homa kali na usaha sikioni havitokani na meno.

Jinsi ya kuutambua

Mtoto ambaye hajajua kuzungumza hawezi kusema anaumwa wapi. Mzazi aangalie iwapo mtoto analia zaidi akilazwa, anakataa kunyonya au kutafuna, analala kwa shida, ana homa, au anajigusa sikio baada ya siku kadhaa za mafua. Kujivuta sikio pekee hakutoshi kuwa ushahidi, kwani watoto wengi hulichezea sikio wakiwa wachovu. Nta ya rangi ya kahawia pia si ugonjwa.

Wataalamu husema kuwa ugonjwa huu ni wa kujirudia iwapo mtoto ameugua mara 3 au zaidi katika miezi 6, au mara 4 au zaidi katika mwaka mmoja, mojawapo ikiwa katika miezi 6 ya karibuni. Hesabu hii haiwezi kukumbukwa kichwani. Andika katika kitabu cha kliniki tarehe ya kila tukio, sikio lililoumwa, kama usaha ulitoka, dawa iliyotolewa na siku mtoto aliyopata nafuu. Daktari atakayemwona mtoto kwa mara ya kwanza atapata msaada mkubwa kutokana na maandishi hayo.

Matibabu

Jambo la kwanza ni kupunguza maumivu. Parasetamoli ya maji husaidia, na kipimo chake hutegemea uzani wa mtoto. Tumia kipimo kilicho ndani ya pakiti ya dawa badala ya kijiko cha jikoni, na umwombe mhudumu wa afya akuonyeshe kiasi kinachofaa. Aspirini isipewe mtoto mdogo. Mnyonyeshe mara nyingi, kwa muda mfupi mfupi, na umwinue kichwa anaponyonya.

Jambo la pili ni kumpeleka katika zahanati au kituo cha afya ili sikio lichunguzwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu magonjwa ya watoto hutenganisha hali mbili. Usaha uliotoka kwa muda wa chini ya siku 14, au maumivu ya sikio, huhesabiwa kuwa ugonjwa wa ghafla na hutibiwa kwa viuavijasumu vya kumeza, hasa amoksilini. Usaha uliodumu kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa sugu. Huu hutibiwa kwa kulikausha sikio na kutia matone maalumu kwa wiki 2.

Maliza dawa kama ulivyoelekezwa hata mtoto akichangamka siku ya pili. Usihifadhi masalio kwa ajili ya mafua yajayo, wala usinunue dawa ile ile dukani bila mtoto kuonwa. Mafua mengi husababishwa na virusi, ambavyo haviuliwi na viuavijasumu, na matumizi holela huwapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa. Katika baadhi ya watoto wenye zaidi ya miezi 6 na dalili hafifu, daktari anaweza kuamua kusubiri siku 2 au 3 kabla ya kutoa dawa hizo. Huo si uzembe, ila mzazi aambiwe wazi ni lini arudi.

Kukausha sikio

Sikio linalotoa usaha haliponi likiwa na unyevu. Kazi ya kulikausha ni ya nyumbani na haigharimu pesa nyingi. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachofyonza maji, au karatasi laini isiyochanika upesi, na ukisokote kiwe kama utambi. Kiingize polepole sikioni mpaka kilowe, kitoe na ukitupe, kisha uingize kingine kilicho safi. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku. Ikiwa umepewa dawa ya matone, itie baada ya kukausha.

Usitumie njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku wala vile vijiti vyenye pamba nchani. Usiache utambi wala pamba ndani ya sikio. Mtoto asiogelee, na maji yasiingie sikioni mpaka litakapopona.

Katika jamii zetu, wengi hutia sikioni maziwa ya mama, mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, maji ya kitunguu saumu au utomvu wa majani. Nia ni njema, lakini vitu hivi hulowesha sikio na kuwapa bakteria chakula, na mafuta ya moto huweza kuchoma. Maziwa ya mama ni kinga kubwa yakipitia kinywani. Sikioni hayana kazi. Vivyo hivyo, usitie matone yaliyobaki ya mtu mwingine, kwani baadhi ya dawa huweza kudhuru sikio la ndani iwapo ngoma imetoboka.

Usingoje kupambazuke

Mpeleke mtoto hospitalini mara moja akiwa na uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, au sikio likionekana kusukumwa mbele. Hii ni ishara kuwa ugonjwa umeingia kwenye mfupa. Fanya vivyo hivyo akiwa na shingo ngumu, degedege, usingizi usio wa kawaida, kutapika kila kitu, uso uliopinda upande mmoja, au akishindwa kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi pia asicheleweshwe.

Usikivu na matamshi

Baada ya maumivu kuisha, majimaji huweza kubaki nyuma ya ngoma kwa wiki kadhaa. Kwa watoto wengi hukauka yenyewe katika muda wa miezi 3. Wakati huo mtoto husikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole. Akiugua tena kabla hayajakauka, kipindi cha kutosikia vizuri hurefuka, na ni katika umri huo huo ambapo anapaswa kujifunza kuzungumza. Mtoto anayeitwa mtundu au mkaidi huenda hasikii tu anachoambiwa.

WHO inakadiria kuwa asilimia 60 ya visa vya kupoteza uwezo wa kusikia miongoni mwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuiwa, maradhi ya sikio yakiwemo. Mchunguze mwanao. Akiwa na miezi 6 anafaa kugeukia sauti. Akifika mwaka mmoja anafaa kuitikia jina lake, na akiwa na miaka 2 anafaa kuunganisha maneno mawili. Ikiwa una shaka, omba apimwe usikivu. Mbali na hospitali kubwa, vituo vya kutathmini mahitaji ya kielimu ya watoto, vinavyojulikana kama EARC na vilivyoanzishwa nchini Kenya mwaka wa 1984, huwashughulikia watoto wenye matatizo ya kusikia.

Mtoto anayeendelea kuugua anafaa kuonwa na mtaalamu wa masikio, pua na koo. Wataalamu hawa ni wachache na wengi wako mijini, hivyo omba barua ya rufaa mapema. Mtaalamu anaweza kupendekeza upasuaji mdogo wa kuweka kijirija katika ngoma ya sikio ili hewa ipite, hasa majimaji yasipokauka na usikivu ukipungua. Si kila mtoto anayeuhitaji. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2021, uliwafuatilia watoto 250 wenye umri wa miezi 6 hadi 35. Katika muda wa miaka 2, waliowekewa vijirija hawakuugua mara chache kwa kiasi cha maana kuliko waliotibiwa kwa dawa kila walipougua. Wengi huacha kuugua kadiri wanavyokua na mrija wao kurefuka.

Muuguzi pia anaweza kupendekeza mtoto apimwe virusi vya Ukimwi au hali yake ya lishe. Mzazi asikasirike. Usaha unaojirudia ni mojawapo ya ishara ambazo wahudumu wa afya hufunzwa kuzifuatilia, na majibu ya mapema huokoa maisha.

Kinga

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza na uendelee baada ya kumwanzishia vyakula vingine. Anayetumia chupa ashikwe akiwa ameinuliwa kichwa. Asilazwe chali na kuegemezewa chupa mtoni, kwa sababu maziwa na kamasi huweza kuingia katika mrija wa sikio. Chuchu bandia ya kumtuliza iachwe baada ya miezi 6.

Moshi ni adui mwingine. Sigara isivutwe ndani ya nyumba wala karibu na mtoto. Mama anayepika kwa kuni au makaa asimbebe mtoto mgongoni jikoni iwapo kuna mtu wa kumshika, na dirisha liwe wazi. Koroboi isiwake usiku kucha katika chumba anamolala.

Hakikisha amepata chanjo zote. Chanjo ya kukinga nimonia, iliyoingizwa katika mpango wa kawaida wa chanjo nchini Kenya mwaka wa 2011, hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hukinga dhidi ya aina kadhaa za mojawapo ya bakteria wanaosababisha ugonjwa wa sikio. Chanjo ya surua, inayotolewa akiwa na miezi 9 na 18, pia ni muhimu kwa kuwa surua huacha masikio yakiwa na usaha.

Mwisho, mweleze yaya au mlezi wa kituo unachomwacha mtoto kila asubuhi. Ajue namna ya kukausha sikio, saa za dawa na dalili za hatari. Watoto wengi wakiwekwa katika chumba kimoja huambukizana mafua, kwa hivyo ukipata kituo chenye watoto wachache na madirisha ya kutosha, hicho ndicho bora.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Utambi wa kitambaa, kitabu cha kliniki kilichojazwa vyema na safari ya mapema katika zahanati ni vitu vidogo, lakini ndivyo vitakavyomwezesha mwanao kukaa darasani siku moja na kumsikia mwalimu akiita jina lake.