Chema Hakijiuzi Peke Yake: Mbunifu wa Michoro na Mteja Mpya, Mombasa hadi Kinshasa

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vijana wengi wanaoishi kwa kuchora nembo, kadi za harusi na mabango wameishika methali hii kama kanuni ya biashara: fanya kazi nzuri, wateja watakuja wenyewe. Matokeo yake yanaonekana katika kila mji wetu. Fundi mwenye mkono mzuri anamaliza mwezi bila oda, na mwenzake wa wastani tu ana foleni mlangoni. Kuhusu ubora, methali haikukosea. Lakini chema nacho huhitaji mtu wa kukibeba, na mnunuzi aliyeridhika humrudia yule ambaye jina lake amelishika.

Hoja hiyo naipima kwa kulinganisha desturi za miji minne: Mombasa ya wafanyabiashara wa kanga, Edo ya karne ya 18, Paris ya miaka ya 1890, na Kinshasa ya miaka ya 1970. Kote huko palikuwa na wachoraji hodari na watu wenye haja ya michoro, na kila mji uliwakutanisha kwa njia yake. Nitauliza maswali mawili: nani alibeba kazi mpaka machoni pa mnunuzi, na jina la nani liliandikwa juu yake?

Tuanze nyumbani. Hakuna kazi ya ubunifu wa michoro iliyoenea pwani yetu kuliko kanga. Mpangilio wake ni wa kitaalamu kabisa: pindo linalozunguka kingo zote, mji katikati, na jina, yale maneno yaliyopangwa sehemu ya chini ya mji ili yasomeke mwanamke akiwa amejifunga. Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, familia ya Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Abdulla, ilijenga biashara kubwa ya vitambaa hivyo, na alama yake, «K.H.E. Mali ya Abdulla», inajulikana mpaka leo. Kwa miongo mingi michoro ilipelekwa kuchapwa ng'ambo, katika viwanda vya Ulaya, India na Japani, kisha doti zikarudi kwa meli kuuzwa madukani.

Katika desturi hii mfanyabiashara ndiye aliyebeba kila kitu. Yeye ndiye aliyesikia wanawake wanasemaje, rangi gani imechokwa, maneno gani yatagombewa Idi ikikaribia. Mchoraji hakuhangaika kutafuta mteja hata siku moja, na hiyo ni raha kubwa. Lakini chukua kanga yoyote uisome pindo kwa pindo. Utakuta alama ya mwenye mali, pengine na namba ya mchoro. Jina la aliyeuchora halimo. Mama aliyependezwa na doti hiyo hurudi kuulizia nyingine ya Abdulla. Sifa yote ilibaki dukani, na mchoraji aliyetaka kujitegemea alitoka mikono mitupu, hata kama michoro yake ilivaliwa Lamu hadi Ngazija.

Edo, mji ambao leo ni Tokyo, nayo ilikuwa na mwenye mali wake. Picha za mbao za ukiyo-e hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchapishaji alitoa mtaji na kuchagua mada, mchoraji akachora, mchongaji akachonga mbao, mpiga chapa akapaka rangi na kuchapa. Nyingi zilikuwa matangazo kwa maana halisi ya neno hilo: zilitangaza waigizaji wa kabuki, nyumba za chai, vitambaa vipya. Mmoja wa wachapishaji mashuhuri, Tsutaya Jūzaburō, aliyefariki mwaka 1797, alianza kwa duka la vitabu karibu na lango la mtaa wa starehe wa Yoshiwara, akiuza miongozo ya mtaa huo kwa wageni waliokuwa wakiingia. Alijua wanunuzi wanapita wapi, akasimama hapo hapo.

Tofauti na Mombasa iko kwenye karatasi yenyewe. Picha ya Edo ilibeba alama ya mchapishaji na saini ya mchoraji kando kwa kando. Mchongaji na mpiga chapa kwa kawaida hawakutajwa, lakini mchoraji alitajwa, na jambo hilo dogo lilibadilisha maisha yake. Mchoraji Utamaro alikuzwa na Tsutaya, akachora wasichana wa nyumba za chai mpaka watu wakaenda kuwatazama, na kwa kuwa jina lake lilikuwa limesomwa na mji mzima, aliweza kufanya kazi na wachapishaji wengine pia. Tsutaya alipofariki, Utamaro aliendelea. Mchoraji mwenzake, Sharaku, alikuwa na hatima nyingine. Alijitokeza mwaka 1794 na picha za waigizaji zenye nguvu ya ajabu, zote zikitolewa na Tsutaya peke yake, na baada ya miezi kama 10 hakusikika tena. Wote wawili waliweka saini. Lakini mmoja alikuwa na wabebaji kadhaa, na mwingine alikuwa na mmoja tu.

Paris inatupa kisa ambacho wabunifu hupenda kukisimulia, ingawa mara nyingi wanakisimulia kama hadithi ya bahati. Mwishoni mwa Desemba 1894, Alphonse Mucha, mchoraji kutoka Moravia, alikuwa katika kiwanda cha uchapaji cha Lemercier akimkagulia rafiki yake karatasi za majaribio. Kwa masimulizi yake mwenyewe, wachoraji wa kawaida wa kiwanda walikuwa wamekwenda likizo ya Krismasi. Mwigizaji Sarah Bernhardt akaagiza bango jipya la tamthilia ya Gismonda, na alilitaka liwe kutani siku ya Mwaka Mpya. Msimamizi alimgeukia aliyekuwepo. Mucha akachora bango refu jembamba, zaidi ya mita 2 kwenda juu, lenye mwanamke aliyesimama na tawi la mtende, kwa rangi tulivu ambazo kuta za Paris zilikuwa hazijazizoea. Tarehe 1 Januari 1895 bango lilikuwa mitaani. Bernhardt akampa mkataba wa miaka 6.

Bahati ilikuwepo, sikatai. Lakini itazame ilikomkuta. Mucha hakuwa chumbani kwake akingoja barua. Alikuwa kwa mchapaji, mahali ambapo oda hufika kabla ya kufika kwa mchoraji yeyote, na alikuwa akifanya kazi ndogo isiyo na sifa, ya kumfaa mtu mwingine. Kisha bango likawa na saini yake, kwa hiyo mfanyabiashara aliyelipenda alijua amtafute nani. Ndipo zikaja kazi za karatasi za sigara za Job na biskuti za Lefèvre-Utile. Mchapaji Champenois naye aliona faida, akamfunga kwa mkataba wa kipekee: kipato cha uhakika kwa mchoraji, haki za michoro kwa mwenye kiwanda. Hata mwenye saini kubwa anaweza kurudi mikononi mwa mbebaji mmoja.

Kinshasa ilifanya jambo ambalo miji mingine mitatu haikufanya: mchoraji alijibeba mwenyewe. Chéri Samba, aliyezaliwa mwaka 1956, alifika mjini akiwa kijana mwaka 1972, akajifunza kazi kwa wachoraji wa vibao vya biashara, na mwaka 1975 akafungua studio yake kwenye barabara ya Kasa-Vubu. Picha zake alizitoa nje, zikatazamana na wapita njia. Hapo aligundua kitu ambacho hakifundishwi darasani. Watu walitupa jicho, wakaendelea na safari. Akaanza kuandika maneno ndani ya picha, kwa Kifaransa na Kilingala, ili mtu alazimike kusimama na kusoma. Aliyesimama kusoma aliita mwenzake, na kundi likazaa kundi. Samba akazidi kujenga jina lake, akajichora mwenyewe ndani ya picha, sura yake ikawa alama ya biashara. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho ya Magiciens de la terre. Sifa hiyo ilianzia kandokando ya barabara, kwa mtu aliyewachunguza wapita njia kwa subira.

Dar es Salaam inamuunga mkono. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya ubao mwishoni mwa miaka ya 1960, picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni wenye fedha walikuwa wakija kununua mahitaji yao. Mahali palikuwa nusu ya biashara.

Sasa tuziweke desturi hizi pamoja. Hakuna hata moja ambamo kazi njema ilijiuza. Abdulla, Tsutaya, kiwanda cha Lemercier na barabara ya Kasa-Vubu vyote vilifanya kazi ileile, ya kuiweka kazi mahali ambapo haja ilikuwa inapita tayari. Zinatofautiana katika jina. Mombasa mchoraji alikula bila kujulikana. Edo na Paris alijulikana, lakini usalama wake ulitegemea idadi ya wabebaji alionao. Kinshasa alimiliki jina na mlango vyote viwili, na gharama yake ilikuwa kazi ya ziada ya kuwa mchoraji na muuzaji kwa wakati mmoja.

Ulinganisho huu unasaidia pia kujibu ombi linalowaumiza wabunifu wengi: «Nifanyie bure, nitakutangaza.» Paul Rand wa New York alianza mwaka 1938 kuchora majalada ya jarida la Direction bila kulipwa, naye akapewa uhuru wa kuchora atakavyo, na saini yake ikaonekana. Alilipwa kwa uhuru na jina. Carolyn Davidson, mwanafunzi wa Portland, alilipwa dola 35 mwaka 1971 kwa alama ambayo leo dunia nzima inaijua kuwa ya Nike. Mteja wake alikuwa mwalimu wa uhasibu chuoni, Phil Knight, aliyemsikia kwenye korido akisema hana pesa za darasa la uchoraji. Alama ya biashara haibebi saini, kwa hiyo yenyewe haikuweza kumletea mteja wa pili; miaka 12 baadaye kampuni ilimpa hisa. Kipimo basi ni hiki: kazi ya bei ndogo ina maana pale tu inapokuachia jina au uhuru. Isipokuachia chochote kati ya hivyo, huyo anayeahidi kukutangaza hana cha kukupa.

Nenda leo Nasser Road, Kampala, au katika vichochoro vya uchapaji vya Kariakoo, Dar es Salaam, na River Road, Nairobi. Mteja anaingia na picha kwenye simu na ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe ya harusi; anamwendea mwenye mashine, naye anamwonyesha kijana aliye mbele ya kompyuta. Hapo ndipo Lemercier ya kwetu ilipo. Mbunifu anayejitegemea anayetaka wateja wapya aanzie kwa wachapaji, awe mtu wa kuaminika kwao, wa kumaliza kazi usiku wa mwisho kabla ya sherehe. Lakini asiwe mchoraji wa kanga. Apatane nao mapema kwamba kalenda, kadi na vipeperushi vitakuwa na jina lake na namba yake ya simu kwa herufi ndogo chini, kama saini ya Edo. Awe na wachapaji watatu au wanne, si mmoja. Na awe na mlango wake mwenyewe pia, ukurasa wa Instagram au ukuta wa nje ya ofisi, anaouchunguza kama Samba alivyowachunguza wapita njia: nini kiliwasimamisha, nini walikipita.

Hayo hayapunguzi thamani ya ubora. Mchapaji hatambeba mtu anayemharibia kazi, na saini chini ya mchoro mbaya hufukuza wateja kwa kasi ileile. Ninachokataa ni fikra kwamba kujitembeza ni aibu ya wasio na kipaji. Tsutaya alisimama langoni, Samba alitoa picha zake barabarani, na hakuna aliyewaona duni kwa hilo. Kijana mwenye mkono mzuri ana wajibu kwa mkono huo: atoke nao, aupeleke kwenye haja, na ahakikishe jina lake halibaki nyuma.