Kiswahili Baina ya Mlima Elgon na Mto Nzoia: Historia ya Lugha ya Pamoja katika Nchi ya Bungoma na Kitale

Wanafikra na watunzi wa hadithi za kisayansi wamedai kwa muda mrefu kwamba ustaarabu uliopiga hatua kubwa hauna budi kuwa na lugha moja kwa sayari nzima, na kwamba wingi wa lugha ni dalili ya jamii ambayo bado haijakomaa. L. L. Zamenhof, tabibu wa macho aliyezaliwa Białystok, mji uliokaliwa na Wayahudi, Wapoland, Warusi na Wajerumani, alikuwa na nia ya kiasi zaidi alipochapisha Kiesperanto mwaka 1887: lugha hiyo ya kubuni, yaani iliyotungwa kwa makusudi badala ya kukulia vinywani mwa watu, ilikusudiwa kuwapatanisha majirani bila kuziondoa lugha zao. Hata binadamu walipotuma salamu nje ya mfumo wa jua mwaka 1977, kwa sahani za dhahabu zilizobebwa na vyombo vya anga vya Voyager, salamu hizo zilisemwa kwa lugha 55, Kiganda kikiwa mojawapo. Hivyo, dai la lugha moja linafaa kupimwa mahali ambapo watu wa lugha zisizoelewana walilazimika kuishi pamoja, na nchi inayoanzia Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, hadi Kitale katika Trans Nzoia, ni mahali pa namna hiyo.

Wabukusu, ambao ndio wengi katika Bungoma, husema lugha ya Kibantu iliyo na udugu na Kiswahili. Wasabaot wa miteremko ya Mlima Elgon husema lugha ya kundi la Kalenjin, na Wateso walio upande wa magharibi husema lugha nyingine ya Kiniloti, jina linalotumika kwa jamii ya lugha zilizoenea kutoka bonde la Nile. Kwa hiyo Mbukusu, Msabaot na Mteso wakikutana bila lugha ya nne, hawana pa kuanzia.

Lugha hiyo ya nne haikuletwa na mwanafalsafa. Ililetwa na misafara ya pwani, ambayo kufikia miaka ya 1880 ilikuwa ikitua Elureko, makao ya watawala wa Wanga yaliyokuja kuitwa Mumias kwa jina la Nabongo Mumia, nabongo likiwa ndilo jina la cheo cha mtawala huyo. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883, alikuta njia ambayo wafanyabiashara wa pembe za ndovu walikuwa wamekwisha kuizoea, na biashara hiyo ilikwenda sambamba na ile ya watumwa. Mwaka 1895 jeshi lililoongozwa na Waingereza liliwashambulia Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe, likawaua wengi. Ni sharti jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu sifa kinayopewa Kiswahili leo ya kuwa lugha ya udugu haiondoi ukweli kwamba kwa vizazi vya mwanzo kilisikika pamoja na bunduki na mizigo ya kubebeshwa. Nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, mpaka uliposogezwa na kuitia katika himaya ya Afrika Mashariki, na kwa hatua hiyo ikatengana kiutawala na Buganda, ambako Kiganda kilikuwa na nguvu na Kiswahili kilikuja kupingwa waziwazi.

Upande wa Kitale mambo yalikuwa tofauti. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia mwaka 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia masetla, yaani walowezi wa Kizungu, ardhi ya Trans Nzoia, wengi wao wakiwa wanajeshi waliostaafu, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale ili kuyachukua mazao yao. Mashamba hayo yalikusanya vibarua kutoka Bungoma, Maragoli, Nandi, Elgon na Turkana, ambao hawakuwa na lugha moja baina yao wala na bwana shamba. Hapo ndipo kilipotumika Kisetla, Kiswahili kilichokatwa upatanisho wa ngeli, yaani ule utaratibu unaofanya maneno ya sentensi yafuate nomino, hata “watu wawili” wakawa “mutu mbili”, na vitenzi vikabaki karibu vyote katika hali ya kuamrisha. Kisetla kilitosha kuagiza jembe na maji. Hakikutosha kudai mshahara au kueleza ugonjwa. Hata hivyo, jioni katika vibanda vya vibarua hapakuwa na bwana wa kuamrisha, na huko watu walihitaji lugha ya kukopeshana, kuposa na kuzika. Historia ya Kiswahili cha Kitale iliyo muhimu zaidi ilitendeka vibandani humo, ingawa haikuandikwa.

Wakati huohuo kamati zilikuwa kazini. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusawazisha tahajia na vitabu vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Waluhya, ambao Wabukusu, Wamaragoli na Wanga ni miongoni mwao, nao walipata kamati yao, iliyojaribu kuunda lugha moja ya maandishi kutokana na lahaja nyingi, L. L. Appleby wa misheni ya Kianglikana akiwa miongoni mwa wataalamu wake wakuu. Kazi hiyo ilifanywa kwa bidii na kwa nia njema, lakini lugha iliyotokea ilielemea lahaja za katikati, nao Wabukusu wa kaskazini na Wamaragoli wa kusini wakaikataa, kwa kuwa walitakiwa kuacha maandishi ya lugha yao wenyewe ili wapate umoja. Kiswahili hakikumdai Mbukusu sadaka hiyo. Hakikuwa cha jirani yeyote, na aliyekijifunza hakuonekana kuwa amemnyenyekea Mmaragoli au Mwanga. Tofauti hii, kuliko ubora wowote wa sarufi, ndiyo inayoeleza kwa nini kamati moja ilifaulu na nyingine ikakwama.

Baada ya uhuru, mashamba mengi ya masetla yaligawanywa kwa walowezi Waafrika, na vijiji vya Trans Nzoia vikawa vya watu waliotoka kila upande. Katika soko la Chwele, upande wa Bungoma, mkulima aliyeshuka na viazi kutoka mlimani hukubaliana bei na mnunuzi wa Kibukusu kwa Kiswahili, na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa bati wa takriban kilo mbili. Wauzaji wawili wa ukoo mmoja wakitaka kushauriana kando kuhusu bei ya mwisho, hurudi mara moja kwenye lugha ya nyumbani. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini Chwele hawakungoja Katiba.

Mwaka 2011, baada ya umwagaji damu uliotokana na mgogoro wa ardhi katika Mlima Elgon, ambao serikali iliuzima kwa operesheni ya kijeshi mwaka 2008, wawakilishi wa jamii za Bungoma na Trans Nzoia walikutana Mabanga na kutia saini mkataba wa amani. Katika mazungumzo kama hayo, kuchagua Kibukusu au Kisabaot peke yake kungeufanya upande mmoja ujione umeshindwa kabla ya kusema neno. Hofu iliyobaki ni ya upande mwingine: katika mitaa ya Kitale wako watoto wanaokua wakijua Kiswahili tu, na nafasi ambayo mtaala wa sasa unazipa lugha za kiasili katika madarasa ya chini inamtaka mwalimu mmoja awafundishe watoto wa lugha tatu au nne waliokaa kwenye dawati moja.